Chungu cha Nyumbani na Sahani ya Watu

Bismillahir Rahmanir Rahim.

Sifa njema zote ni za Mwenyezi Mungu, aliyewaruzuku viumbe wake wa barani na wa baharini. Rehema na amani zimshukie Mtume wetu Muhammad, s.a.w., na jamaa zake, na masahaba zake, na kila aliyefuata mwendo wao. Ama baada ya hayo.

Ndugu zangu Waislamu, wake kwa waume. Darasa zetu hapa Athi River nyingi huwa juu ya tohara, na sala, na hukumu za saumu. Leo nataka tuingie jikoni. Najua watakuwapo watakaosema: shekhe ana nini na sufuria? Nami nawajibu ya kuwa Mwenyezi Mungu hakuona taabu kulitaja jambo hili katika Kitabu chake, kwani katika Sura ya Al-Baqara, aya ya 233, amemwajibishia baba chakula cha mama na mavazi yake kwa njia ya wema, na akaeleza papo hapo kuwa mtu hakalifishwi ila kwa kadiri ya uwezo wake. Na Mtume, s.a.w., alimweleza Saad bin Abi Waqqas kuwa hata tonge mtu anayoitia kinywani mwa mkewe, akitaka kwayo radhi za Mungu, huandikiwa thawabu. Basi ikiwa tonge ina thawabu, vipi tusiulize tonge hiyo imetoka wapi, na imepikwa vipi, na baada yake itabaki nini?

Lililonisukuma kusema ni jambo lililotokea katika jamaa yetu, nami ni mmoja wa waliohusika. Nitalisimulia bila kumtaja mtu.

Si zamani sana, alifariki ndugu yetu mmoja, mtu wa Pwani aliyekuja huku kutafuta riziki kama tulivyokuja wengi wetu. Aliacha mjane na watoto wanne, na fedha chache alizokuwa akidai kazini kwake. Siku ya arubaini tukaitwa. Tukasoma, tukaomba dua, kisha ikaletwa pilau ya mbuzi, na kachumbari, na soda, na halua iliyotoka Mombasa. Nami nilikula, wala sikuuliza. Nilikula nikashiba, nikarudi nyumbani nikiwasifu watu wa nyumba ile kwa ukarimu wao.

Zikapita wiki tatu. Asubuhi moja chuoni, mtoto wa pili wa marehemu alikuwa akisoma mbele yangu, mara sauti yake ikakatika akaanguka. Tulipomnyweshea maji ya sukari akazinduka. Nikamwuliza, "Mwanangu, umekula nini leo?" Akajibu, "Maalim, leo bado. Jana tulikunywa uji."

Nilikwenda nyumbani kwao pamoja na mke wangu. Mjane yungali ndani ya eda, akasema nasi nyuma ya pazia. "Shekhe," alisema, "ningefanyaje? Wangesema marehemu hakuwa na wenyewe. Zile fedha za kazini zilinunua mbuzi na mchele. Hazikutosha, nikakopa kwa simu. Siku ya kulipa ilipofika nikakopa kwa mtu mwingine ili niulipe ule wa simu. Sasa kila kiingiacho ni cha deni."

Sikuwa na la kumjibu, kwani nilikuwa mmoja wa walioila sahani ile.

Ndugu zangu, sina haja leo ya kuingia katika mabishano ya hitima na arubaini, kwani hayo mumekwisha yasikia mara nyingi, na kila mmoja ana hoja zake. Lakini liko jambo ambalo wanavyuoni hawakukhitalifiana ndani yake. Mali aliyoiacha maiti ikiwa ina warithi wadogo, basi ni mali ya mayatima, na haifai mtu kuila kwa jina la sadaka wala kwa jina la ada. Mwenyezi Mungu amebainisha katika Sura ya An-Nisaa, aya ya 10, ya kuwa wanaokula mali ya mayatima kwa dhulma hawali ila moto matumboni mwao. Mimi nilidhani nakula pilau. Na Sunna ya Mtume ni kinyume cha tulivyofanya. Ilipokuja habari ya kuuawa Jaafar bin Abi Talib katika vita vya Muuta, mwaka wa 8 wa Hijra, Mtume, s.a.w., aliwaamrisha watu wawapikie jamaa wa Jaafar chakula, kwa kuwa wao wameshughulishwa na msiba wao. Wafiwa ndio wapikiwao. Na Imamu Shafii, ambaye sisi watu wa Pwani twafuata madhehebu yake, alipenda majirani na jamaa wawapelekee wafiwa chakula cha kuwashibisha, na akachukia makusanyiko ya matanga kwa kuwa huongeza gharama na kurejesha huzuni.

Nimekitanguliza kisa hiki kwa sababu ndani yake mna ugonjwa wetu wote. Nyumba ile haikuharibiwa na umasikini peke yake. Iliharibiwa na macho ya watu. Na macho hayo hayako katika matanga tu. Yako katika arusi, yako katika futari ya Ramadhani, yako hata katika mgeni mmoja anayetoka Mombasa, tukamkopea kuku na mchele wa pishori, na alipokwisha ondoka watoto wakala ugali mkavu siku tano.

Sasa natazama hali ya mji wetu. Athi River ni mji wa viwanda vya saruji, na viwanda vya nguo vilivyo katika eneo la bidhaa za kupelekwa nje, na kiwanda kikubwa cha nyama. Nyama yachinjwa hapa hapa, na wengi wetu mwezi wapita hatukuinunua. Watu waamka alfajiri kusimama langoni kutafuta kibarua, na anayepata leo hana hakika ya kesho. Kisha bei za vyakula zimetupa mafunzo makali. Mwaka 2022 ukame ulikuwa umeshika nchi, na pakiti ya unga wa mahindi ya kilo mbili ikapita shilingi 200, hata serikali ikalazimika mwezi wa Julai kuishusha kwa muda hadi shilingi 100. Na mwaka 2023 kodi ya mafuta ya petroli ikapandishwa kutoka asilimia 8 hadi 16, na kila kinachopakiwa ndani ya lori hupanda pamoja na mafuta. Mambo haya si mikononi mwetu. Lililo mikononi mwetu ni chungu chetu, na hilo ndilo tutakaloulizwa.

Jambo la kwanza ni mizani. Mwenyezi Mungu amewasifu waja wake katika Sura ya Al-Furqan, aya ya 67, kuwa wanapotumia hawafanyi israfu wala hawafanyi ubakhili, bali hushika kati ya mawili hayo. Sisi tumezoea kukemea israfu tukausahau ubakhili. Yuko mume katika mji huu ambaye Ijumaa jioni hukaa na wenzake akala nyama choma, akanywa soda, akacheka, na kule nyumbani amewacha fedha isiyotosha fungu la sukuma wiki na kibaba cha unga. Huyu akirudi hukuta watoto wamelala, na kesho humlaumu mkewe kuwa hajui kuiendesha nyumba. Hind binti Utba alipomlalamikia Mtume, s.a.w., kuwa mumewe Abu Sufyan hampi yeye na wanawe cha kuwatosha, Mtume alimruhusu achukue katika mali ya mumewe kiasi cha kumtosha yeye na wanawe kwa wema. Basi ewe mume, tonge ya kwanza ya mshahara wako ni ya watu wa nyumba yako, kisha ndiyo marafiki.

Jambo la pili ni kuiondoa aibu katika chakula cha rahisi. Mtume, s.a.w., siku moja aliwauliza watu wa nyumbani kwake kitoweo, akaambiwa hapana ila siki. Akaitaka, akaila mkate kwayo, huku akiisifu kuwa ni kitoweo kizuri. Na Bibi Aisha, r.a., alimhadithia mpwa wake Urwa ya kuwa ilipita miezi miwili bila ya kuwashwa moto katika nyumba za Mtume, na chakula chao kilikuwa tende na maji, ila majirani wakiwapelekea maziwa. Abu Huraira naye amepokea kuwa Mtume hakupata kukitia ila chakula, akikitamani hukila, na asipokitamani hukiacha. Basi nani kati yetu mwenye heshima kupita hiyo hata aone haya kwa sahani ya kunde?

Sisi watu wa Pwani tukifika bara twasikitika. Twasema hapana samaki, hapana nazi, hapana muhogo mzuri. Lakini nimetembea katika soko la mji huu nikastaajabu. Mbaazi tuzipendazo kule kwetu pamoja na mahamri, kwao ni hapa hapa Ukambani, kwani Machakos, Makueni na Kitui ndiko zilimwako kwa wingi katika Kenya. Pojo, ambazo huku huitwa ndengu, pia ni mazao yao, na kunde vile vile. Hupimwa kwa gorogoro, nalo ni kopo la kama kilo mbili, na fedha ya kilo moja ya nyama kwa desturi hukupa kilo tatu au zaidi za nafaka hizo. Neema i mlangoni, nasi twalilia iliyo mbali.

Jambo la tatu ni namna ya kupika. Hapa mimi si mwalimu. Niliyoyaandika nimeyauliza kwa mabibi wa jamaa yetu wenye uzoefu, na kwa muuguzi mmoja mwenye ujuzi wa chakula.

Kwanza, wameniambia ya kuwa mahindi peke yake hayajengi mwili sawasawa, na maharagwe peke yake yana upungufu wake, lakini vikiliwa pamoja kimoja hukamilisha kingine, na mwili hupata cha kuujenga kinachokaribia cha nyama. Basi pure ya mahindi na maharagwe, ambayo Wakamba huiita isyo, si chakula cha unyonge. Ni chakula chenye hekima. Vivyo hivyo wali kwa mbaazi, na chapati kwa pojo.

Pili, nafaka hizi zilowekwe maji tangu usiku, na asubuhi maji yale yamwagwe. Hulainika, na moto wake huwa nusu, na makaa au gesi siku hizi ni ghali kama chakula chenyewe. Ziko nyumba ambazo chungu kikisha chemka vizuri hutiwa ndani ya kikapu kilichozungushwa mablanketi na kufunikwa sana, kikaendelea kuiva chenyewe bila moto. Na magadi yasitiwe kwa wingi kwa kutaka haraka, kwani huharibu baadhi ya vitamini.

Tatu, mboga za majani kama mchicha, mnavu, majani ya kunde na sukuma wiki, zioshwe kabla ya kukatwa, zipikwe kidogo, na maji yake yasimwagwe. Katika nafaka na majani mna madini ya chuma yanayotia damu, lakini mwili huyachukua vizuri yakiliwa pamoja na kitu cha ukali kama ndimu, nyanya mbichi au embe. Na chai huyazuia. Sisi tuna mazoea ya kushushia kila chakula kwa chai. Basi chai na inywewe saa moja au mbili baadaye, hasa na wanawake wenye mimba na watoto waliopungukiwa damu.

Nne, dagaa waliokaushwa kutoka Ziwa Viktoria wapatikana sokoni kwetu. Kiganja kimoja kikioshwa, kikakaangwa na kusagwa, hutiwa katika mchuzi au uji wa mtoto, na mtoto hapati taabu ya miiba. Anayelilia samaki wa Pwani na aanze na huyu.

Tano, na hili ni la hatari: urahisi usikupeleke kwenye mahindi au njugu zilizoota ukungu. Mwaka 2004, katika Ukambani na sehemu zilizo jirani, watu 317 waliugua na 125 katika hao wakafa kwa kula mahindi yaliyoharibika. Sumu ya ukungu, iitwayo aflatoksini, haiondoki kwa kupikwa. Mahindi ya kupeleka kinuni yachambuliwe punje kwa punje, na yaliyobadilika rangi yatupwe. Kuyatupa hayo si israfu, bali ni kuhifadhi nafsi.

Kwa nyumba ya watu sita, nusu kilo ya mbaazi kavu, nazi moja na sufuria ya wali au ugali ni chakula cha usiku kinachotosha. Tui la kwanza liwekwe mwisho, la pili lichemshiwe mbaazi. Siku nyingine pojo, siku nyingine pure, siku nyingine dagaa na mchicha, na yai au maziwa wapewe watoto kwanza. Nyama ikipatikana mara moja kwa wiki, ikatwe ndogo ndogo ndani ya mchuzi wa viazi, kila mtu apate ladha yake. Mtume, s.a.w., alimwusia Abu Dharr ya kuwa akipika mchuzi auzidishe maji, na awakumbuke majirani zake. Tazameni, wasia mmoja umekusanya uchumi wa jikoni na haki ya jirani.

Jambo la nne ni riba. Zamani tulikuwa na daftari la mwenye duka, ukikopa kilo ya sukari ukalipa kilo ya sukari. Leo mkopo uko mfukoni ndani ya simu, huja kwa dakika moja, na hurudi na ziada, na ukichelewa ziada huzaa ziada. Jina lake wakalipamba, wengine wakaliita ada, lakini ziada iliyoshurutishwa juu ya deni ni riba, na Mwenyezi Mungu katika Sura ya Al-Baqara, aya ya 279, amewatangazia vita wasioiacha. Sisemi haya kumtia makosa mtu mwenye njaa. Mwenye njaa ana udhuru wake kwa Mola wake. Makosa ni yetu sisi jamaa tuliomwacha mpaka simu ikawa ndiyo ndugu yake wa karibu. Tukikataza riba na hatuna karadha njema ya kuwapa watu, tumefunga mlango mmoja tusifungue mwingine.

Sasa nirudi kwenye kisa changu, nisije nikawa katika wanaosema wasiyoyatenda.

Usiku ule baada ya sala ya Isha nilisimama mbele ya jamaa, nikasema: "Sote tulioila sahani ile tuna deni. Kila mmoja na ailipe sahani yake." Wengine waliona vibaya. Mzee mmoja akaniambia, "Shekhe, chakula cha dua hakilipwi." Nikamjibu, "Baba, dua ni yako na Mungu. Mbuzi alikuwa wa mayatima." Akanyamaza, kisha akatia mkono mfukoni, naye akawa wa kwanza. Haikukusanywa siku moja. Ilichukua majuma kadhaa, na wenye vibarua walitoa kidogo kidogo, haba na haba. Lakini deni la simu lilizimwa, na la yule mtu mwingine likalipwa bila ziada, na kilichobaki kikarudishwa kwa mayatima.

Kisha tukakubaliana mambo matatu, nami nawausia wasomaji wetu wa hapa na wa Pwani wayatazame. Kwanza, ukitokea msiba, nyumba za jirani zitapika kwa zamu, na nyumba ya wafiwa haitawashwa moto kwa ajili ya wageni. Pili, kila Ijumaa kila mmoja hutia alichojaaliwa katika sanduku la karadha, na mwenye dhiki hukopeshwa chakula au fedha, akarudisha kile kile alichochukua. Tatu, mabibi wetu hukusanya fedha pamoja mwanzo wa mwezi wakanunua magunia ya mbaazi, maharagwe na mahindi, wakagawana kwa gorogoro, kwani mwenye kununua kidogo kidogo kila siku ndiye anunuaye kwa bei ya juu.

Na kwa nafsi yangu nimeweka nadhiri ya kuwa sitaila sahani ya msiba kabla ya kuuliza imetoka wapi. Watakaoniona mkavu na wanione.

Mtoto yule angali anasoma chuoni, na sasa amefika juzuu ya tatu. Juzi nilimwuliza tena kama nilivyomwuliza siku ile, naye akajibu kwa furaha, "Maalim, mbaazi zilizolala." Nikamshukuru Mola wangu. Kiporo cha mbaazi katika nyumba ya yatima, kisicho na deni wala riba, ni bora kuliko pilau yetu ile.

Ewe Mola wetu, turuzuku cha halali, ututosheleze nacho, na utupe macho ya kuwaona jirani zetu kabla hawajaanguka. Amin.

Wabillahi taufiq. Wassalamu alaikum warahmatullahi wabarakatuh.